Mbalamwezi, Siku ya Oili

Leo nimekuja studioni na bakuli. Ni bakuli jeupe la bati, lile la kunawia mikono, na mtangazaji ameliangalia kwa mashaka nilipoliweka mezani, akasogeza karatasi zake pembeni. Ndani yake mna kitu kinachofanana kabisa na chai ya maziwa. Kingekuwa chai ningewakaribisha. Hii ni oili ya gia, niliyoimwaga jana jioni kutoka kwenye mashine ya jirani yangu hapa Kilwa Kivinje, mashine ya farasi 15, na mwenyewe alipoiona akaniuliza, "Lakini dada, si oili ilikuwepo?"

Ilikuwepo. Ndiyo maana nimekuja kuzungumza.

Kwa wasionijua, mimi nilianza kwa kuchemsha na kuanika dagaa. Baadaye nikanunua fungu kwenye boti ya watu, kisha mashine yangu mwenyewe, na leo dikoni naitwa tajiri, jina ambalo pwani yetu humpa kila mwenye chombo hata kama madeni yamemfika shingoni. Ufundi sijasomea. Haya ninayosema nimeyalipia.

Nianze na jambo linalowachanganya wengi. Mashine hizi tunazotumia, Yamaha Enduro na wenzake, nyingi hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kila siku vijana wanapima, wanatikisa dumu, wanamimina. Kwa hiyo mtu anajiambia: mashine yangu inapata oili kila siku, nyingine ya nini? Sasa ile oili ya kwenye petroli inaungulia huko juu kwenye injini na kutoka kama moshi. Kwenye gia haifiki hata tone. Gia ziko chini kabisa, kwenye mguu wa mashine, ule unaozama majini na kubeba propela, na mguu huo una oili yake, imefungiwa humo, haiungui wala haipungui kama mambo ni mazima. Hapo ndipo inaposahauliwa. Petroli ikiisha mashine inanyamaza, unajua. Oili ya gia ikiharibika mashine inaendelea kukuchekea.

Humo mguuni kuna kazi nzito. Shafti inateremka wima kutoka kwenye injini, na ikifika chini mzunguko lazima ugeuzwe ulale ili uende kwenye propela. Zinazogeuza ni gia tatu: ndogo moja mwisho wa shafti, na kubwa mbili zinazotazamana, ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma. Kwenye Yamaha ya farasi 15 ile ndogo ina meno 13 na kubwa zina meno 27, ndiyo maana injini huzunguka mara mbili na kidogo propela ikizunguka mara moja. Sasa piga hesabu nami. Injini ikiwa mwendoni inazunguka kama mara 5,000 kwa dakika. Zidisha kwa meno 13. Ni mara 65,000 kwa dakika jino linakutana na jino, na kinachozuia chuma kisile chuma ni utando wa oili ambao macho hayauoni. Nje ya kifuko hicho cha aluminiamu kuna bahari nzima. Ndani na nje vinatenganishwa na sili chache za mpira, na ukingo wa sili unaozuia maji ni mwembamba kama ukucha.

Mimi yalinikuta mwezi wa sita, kusi limekaza. Nilimuuliza nahodha wangu kabla hawajashusha boti, "Nahodha, oili ya gia vipi?" Akanijibu, "Ipo, tajiri." Na hakunidanganya. Alikuwa amefungua skrubu ya juu, akachungulia, akaona oili imelingana na tundu, akafunga. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza swali la pili: ipo ya rangi gani? Maji yakiingia kwenye gia kimo hakishuki, pengine hata kinapanda. Aliyechungulia tu tunduni ataona mguu umejaa na atarudi kukwambia ipo.

Usiku ule, upande wa Songosongo, walisikia sauti kama mtu anatafuna mchanga. Baadaye kidogo injini ikawa inanguruma na boti haiendi. Wakatia nanga, wakakaa na mawimbi mpaka alfajiri, boti nyingine ya dagaa ikawavuta. Watu walirudi wote, alhamdulillahi, mmoja wao akitapika tu. Mashine tuliifunga wima kwenye gogo, fundi akaja siku ya pili asubuhi, akategea bakuli, hili hili, akafungua skrubu ya chini. Kwanza yalitoka maji. Maji matupu ya bahari, kama vijiko viwili. Halafu ndipo ukafuata uji wa kijivu. Na ndani ya uji vikang'aa vipande vya meno ya gia, vidogo kama magamba ya dagaa. Gia, beringi na shafti vilinimalizia mapato ya magiza mawili, vipindi viwili vizima vya kuvua bila mwezi.

Nikamuuliza fundi maji yalipitia wapi. Hakunijibu. Alivuta pini ya propela, akafungua nati, akaitoa propela, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Nyuma ya propela, kwenye shafti, kulikuwa na mshipi wa nailoni umejizungusha kama uzi kwenye kibiringo. Ulikuwa umeyeyuka kwa joto na kushikana, na ulikuwa umeikata sili kama wembe. Sisi tunafanya kazi katikati ya nyuzi: mishipi, nyavu, kamba, na nyuzi za wengine zinazoelea. Hakuna mwezi unaopita bila propela kulamba uzi. Hapa Kivinje, maji yakitoka, tunakatiza pia kwenye tope mpaka propela inalima, na tope lina mchanga, na mchanga nao unazisaga sili.

Halafu kuna jambo ambalo fundi alinieleza nikalifurahia, ingawa lilikuwa la kunisikitisha. Mguu ukifanya kazi unapata joto. Hewa kidogo iliyomo inatanuka, na sili ikiwa imechoka inajipenyeza na kutoka. Ukizima mashine, bahari inaupoza mguu haraka, hewa iliyobaki inasinyaa, na mguu unavuta pumzi. Umezama, utavuta nini? Kwa hiyo maji mengi hayaingii wakati unakimbia. Yanaingia umetulia, umezima, unasubiri dagaa wajae kwenye taa.

Sasa kazi yenyewe. Ni ya nusu saa, na mwenye kanga anaiweza sawasawa na mwenye suruali.

Simamisha mashine wima, mguu uning'inie. Kama unaweza, iache hivyo usiku mzima, maana maji ni mazito kuliko oili, yatashuka chini yasubiri mlangoni. Asubuhi tega bakuli. Bakuli jeupe, tafadhali; kwenye dumu lililokatwa la bluu huwezi kuona rangi. Kwenye mguu utaona skrubu mbili, moja chini karibu na mkuki, lile pezi la chini kabisa ya mguu, moja juu zaidi. Tafuta bisibisi bapa pana inayojaa kwenye mfereji wa skrubu. Usitumie kisu. Usitumie bisibisi ya redio. Chumvi imezishika skrubu hizo, ukizikwangua kichwa umejitafutia kazi ya kutoboa kwa drili. Weka bisibisi, igonge kwa nyundo mara mbili tatu, ndipo uzungushe.

Walio na mashine za zamani za Johnson au Evinrude, nisikilizeni hapa. Mashine hizo zina skrubu ya tatu karibu na ile ya chini, na kichwa chake kina alama ya msalaba. Iacheni. Hiyo inashika kifaa cha kubadilishia gia huko ndani, na ukiitoa kinaanguka, na kukirudisha lazima mguu ufunguliwe wote. Nimemwona kijana akiitoa kwa bidii kabisa, akijisifu kwamba hii imetoka bila kugongwa.

Fungua ya chini kwanza. Utaona oili inadondoka kidogo kidogo, kwa unyonge, kisha inasita. Haijaisha. Umewahi kutoboa kopo la maziwa tundu moja? Ndivyo ilivyo. Fungua na ya juu, hewa ipate kuingia, na oili itamwagika yote. Sasa chutama uitazame, maana kutazama ndiyo nusu ya kazi hii, na ndiyo nusu inayorukwa. Ikiwa ya rangi ya asali au imeiva kidogo, mshukuru Mungu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, umechelewa kubadilisha, lakini maji hayajaingia. Ikiwa chai ya maziwa kama hii hapa, sili imekufa, na oili mpya utakayotia itakuwa chai tena baada ya safari chache. Usidanganyike kwamba umetengeneza. Umebadilisha chai.

Kisha ipanguse ile skrubu ya chini kwa kidole. Kwenye mashine nyingi ina sumaku. Ukikuta ute wa kijivu, laini kama wanja, hiyo ni kawaida ya chuma kuzoeana na chuma. Ukikuta vipande vinavyokwaruza kidole, mwite fundi kabla hujawaita mabaharia.

Kujaza ndiko wengi wanakokosea. Wanamimina kwa tundu la juu, kwa sababu ndivyo tunavyojaza kila kitu duniani, kuanzia kibuyu. Oili ya gia ni nzito na tundu ni jembamba; ikiingia kwa juu inaifungia hewa ndani, oili inatokeza tunduni, unafunga ukiamini mguu umejaa kumbe nusu yake ni hewa. Jaza kwa chini. Tumia pampu yake kama unayo, au chupa laini yenye mdomo wa mpira unaobana kwenye tundu, au bomba kubwa la sindano la maduka ya dawa za mifugo, lenye kipande cha paipu mbele. Iweke oili juani kwanza, italainika. Sukuma polepole. Oili inapanda ikiisukuma hewa juu, na tundu la juu litatema mapovu, kisha oili na mapovu, kisha oili safi. Ikitoka bila povu hata moja, imejaa.

Hapo usichomoe kilicho chini. Funga ya juu kwanza. Watoto wanaujua mchezo huu: ukitia mrija kwenye soda ukaziba juu kwa kidole, soda haidondoki. Ukishafunga ya juu, chomoa ya chini bila papara, urudishe skrubu yake. Kitakachopotea ni matone. Na washa, zile pete ndogo za kuzuia kuvuja, ziwe mpya kila mara. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mashine. Nimekuta watu wamekata za kwao kutoka kwenye kandambili. Oili inaila kandambili, jamani.

Ukimaliza, na siku hiyo hiyo, toa propela. Tafuta uzi. Ukiukuta, ukate na kuuchambua wote, pangusa shafti, paka grisi, rudisha. Bila hatua hii umeosha sahani ukaacha sufuria.

Oili gani? Ya gia, namba 90, ya mashine za majini kama unaipata. Wengi huniambia, "Mama, hii ya gari namba 40 si ni nyembamba, naongeza kitu kidogo inatosha." Nililazimika kumuuliza fundi kuhusu hili, maana nami nilidhani 90 ni nzito mara mbili ya 40. Kumbe namba hizo si za mizani moja. Oili ya gia namba 90 na oili ya injini namba 40 au 50 uzito wake unakaribiana. Tofauti iko kwenye dawa. Ya gia imetiwa dawa zenye kiberiti, na harufu yake utaijua ukifungua chupa, kwa ajili ya meno yanayobanana kwa nguvu. Ya injini ina dawa za kazi nyingine. Zile za majini zimeongezwa uwezo wa kuhimili maji kidogo bila kutu kuanza. Na si nyingi inayohitajika: farasi 15 anakula kama robo lita, wa 40 hafiki nusu lita. Chupa moja ndogo ya maji ya kunywa ingejaza wa 15 mara mbili.

Lini? Kitabu cha mashine kinasema baada ya saa 10 za mwanzo mashine ikiwa mpya, kisha kila saa 100 au miezi 6. Wenzetu wa nchi za baridi wanabadilisha kabla ya majira ya baridi kuingia, maana maji yaliyojificha mguuni yakiganda yanautanua na kuupasua. Sisi hatuna barafu ya kutushurutisha, na saa za kuhesabia boti zetu hazina. Ila mwezi tunao.

Watu wa dagaa tunavua giza. Mwezi ukipevuka taa zetu hazina kazi, boti zinalala, na watu wanashona nyavu. Hesabu yangu ni hii: giza moja, usiku kama 20, mashine ikifanya kazi saa 5 kila usiku, unapata saa 100. Ndizo zile zile za kwenye kitabu. Na mbalamwezi inakuja na bamvua, kwa hiyo maji yakijaa unaipandisha boti mpaka juu kabisa, yakitoka inakaa mchangani pakavu, na mguu uko mbele yako kama mgonjwa kitandani. Wazee wetu walikuwa wakifanya nini siku hizo? Walikuwa wakikalafati. Walipaka shahamu chini na sifa juu, na aliyeruka zamu chombo chake kililiwa na fukusi, na diko zima likajua ni uvivu. Mashine tumeipokea, zamu yake hatukuipanga. Mnaovua mchana, na mnaovusha abiria, fuateni bamvua hiyo hiyo. Mashine haiulizi umebeba nini.

Nina neno la mwisho na ni la fedha, na najua nahodha wangu ananisikiliza. Nimekaa nikajiuliza kwa nini watu wanaojua yote haya, na wengi wanayajua kunishinda, hawabadilishi oili. Jibu liko kwenye mgao. Tukirudi tunatoa gharama kwanza: petroli, oili ya kuchanganya, chakula, barafu kwa wanaotumia. Kinachobaki tunagawana, fungu la chombo, la mashine, la nyavu, na la watu. Oili ya gia haimo kwenye gharama. Kwa hiyo mabaharia wanaona ni kazi ya mwenye mashine, na mwenye mashine, ambaye yuko nyumbani anaanika dagaa, anaona ni kazi ya wanaoiendesha. Kwangu tumeiingiza. Bei ya robo lita na washa mbili inatolewa kabla ya kugawana, kila mbalamwezi, mbele ya watu wote, na bakuli linapitishwa kila mtu aone rangi. Mwanzoni walininung'unikia. Sasa kuna kijana anayelishika yeye bakuli, hataki mwingine alishike.

Wenye vyombo wenzangu wa Kivinje, Masoko, Songosongo na Mafia, mbalamwezi ijayo jaribuni hivyo, na nahodha akikwambia ipo, mwambie akuletee uione.

Jirani yangu anasubiri sili mbili kutoka Dar es Salaam. Fundi ameufungua mguu leo asubuhi na meno yote yapo, beringi moja tu imeanza kutu. Amewahi. Bakuli langu naondoka nalo, maana mtangazaji naona ameshaanza kuvuta kitambaa chake cha meza.